Usiseme "Ni Mbwa Tu"

Msomaji, liko neno fupi linalosemwa kwetu kila siku, tangu Voi mjini mpaka juu ya vilima vya Taita, na tangu Mwatate mpaka Taveta. Mbwa akipigwa jiwe bila ya kosa, mtu husema, "Ni mbwa tu." Akifungwa mnyororo mfupi juani tangu asubuhi mpaka magharibi, chungu chake cha maji kikiwa kikavu, husemwa, "Ni mbwa tu." Akiugua hutupwa kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, apondwe na malori, na neno ni lile lile. Mimi nalishtaki neno hilo mbele yako. Nalishtaki kwa makosa mawili: kwanza ni la uongo, na pili linamdhuru yule yule alisemaye. Nakuomba uketi katika kiti cha hakimu, usikilize pande zote mbili, kisha utoe hukumu yako.

Nianze na uongo wake. Hapana mnyama aliyekaa na mwanadamu muda mrefu kuliko mbwa. Kabla mbuzi hajafugwa, kabla ng'ombe hajakamuliwa, kabla nafaka haijapandwa shambani, mbwa alikuwa amekwisha kujilaza karibu na moto wa binadamu. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa mchanga. Kaburi hilo lina umri wa miaka 14,000 hivi. Wataalamu walipoyachunguza meno ya mbwa huyo, waliona alama za ugonjwa mkali uliompata alipokuwa mtoto, ugonjwa uitwao distempa, ambao asingaliweza kuishi nao majuma kadhaa kama watu wasingalimpa maji, chakula na joto. Fikiri, msomaji! Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Watu wale hawakupata faida yoyote kwake siku zile, nao hawakuwa na ghala wala mfereji. Walimuuguza kwa sababu alikuwa mwenzao. Leo sisi tulio na hospitali, reli na umeme twamtupa njiani. Ni nani basi aliyestaarabika?

Wala jambo hili si la kale peke yake. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya mbwa na wenyewe. Waliona ya kwamba mbwa na mtu wanaotazamana machoni kwa muda mrefu, huku wametulia, huongezeka katika miili ya wote wawili kemikali iitwayo oksitosini. Kemikali hiyo ndiyo inayofanya kazi baina ya mama na mtoto wake mchanga anapomtazama na kumpenda. Kwa hiyo faraja aipatayo mtu kwa mbwa wake si ndoto wala si upumbavu. Ni jambo la mwili, kama njaa na kiu zilivyo mambo ya mwili.

Lakini wewe na mimi hatuna haja ya kusafiri mpaka Japani. Tazama nchi yetu ilivyo. Vijana wa Wundanyi, Werugha na Mbololo hushuka vilimani kutafuta kazi Voi, Mombasa na Nairobi, na mashamba ya matuta hubaki mikononi mwa wazee. Mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye wanawe huja Krismasi na kuondoka upesi, akae na nani? Redio husema naye, lakini haimsikii. Simu hulia siku moja, kisha ikanyamaza juma zima. Mbwa mtulivu humwamsha alfajiri kwa kumgusa mkono kwa pua. Humfuata mtoni na shambani, hujilaza miguuni pake ukungu unaposhuka, na mzee akitamka neno, masikio yake husimama. Hajibu, ni kweli, lakini husikiliza. Na wangapi kati yetu wenye ndimi hawana sikio la kumpa mzee! Mtu mwenye mbwa ana sababu ya kuwasha moto hata siku ambayo yeye mwenyewe hana hamu ya kula, maana yuko mwingine anayengoja. Kwa mtu aliyezungukwa na watu, jambo hili ni dogo. Kwa mpweke ni mkongojo wa kuegemea. Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Hawakusema rafiki huyo awe na miguu mingapi.

Kama ushahidi huo haukutoshi, kumbuka habari iliyotangazwa ulimwenguni kote mwezi wa Mei mwaka 2005. Huko Nairobi mbwa jike asiye na mwenyewe alikuta mtoto mchanga wa kike aliyetupwa msituni ndani ya mfuko wa plastiki. Mbwa yule alimvuta, akavuka naye barabara, akamfikisha penye kibanda walipokuwa watoto wake mwenyewe. Watu wakasikia kilio, wakamwokota mtoto, naye akapelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta akiwa hai. Mbwa huyo akapewa jina la Mkombozi. Binadamu ndiye aliyetupa, na mbwa koko ndiye aliyeokota. Je, siku ile ni nani aliyestahili kuitwa "tu"?

Sasa na tuwape nafasi wapinzani, maana kesi ya upande mmoja si kesi.

Wa kwanza husema, "Mbwa ni najisi." Katika miji yetu msikiti na kanisa ni majirani, nami sitaki kubishana na dini ya mtu. Mwislamu wa madhehebu ya Shafii hufundishwa kukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, chombo kilichoingiwa na mate ya mbwa. Hiyo ni sheria ya usafi, naye na aifuate. Lakini sheria ya usafi si ruhusa ya ukatili. Dini hiyo hiyo yaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa kulinda shamba na wa kuwinda. Yasimulia habari ya mwenye dhambi aliyesamehewa kwa kumtekea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Na katika kisa cha Watu wa Pangoni, Kurani yamtaja mbwa wao aliyejinyoosha kizingitini walipokuwa wamelala. Naye Mkristo na amkumbuke Lazaro masikini, aliyelazwa mlangoni pa tajiri: mwenye karamu hakumjali, mbwa ndio waliokuja kumlamba vidonda. Angalia mahali mbwa alipo katika visa hivi. Hayuko kitandani, wala hayuko jalalani. Yuko mlangoni. Mahali hapo ndipo ninapomwombea mimi. Simwombei mto wala sahani ya mezani. Namwombea kizingiti, na kivuli, na chungu cha maji.

Wa pili husema, "Mbwa bora ni mbwa mkali. Ukimpenda utamharibu, na mwivi ataingia." Hoja hii hukubaliwa na wengi, nayo ndiyo iliyofunga minyororo mingi kuliko zote. Tuichunguze kwa makini. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, Scott na Fuller, walichapisha kitabu cha utafiti wao wa miaka mingi juu ya tabia za mbwa. Walionyesha ya kwamba kati ya juma la tatu na la kumi na mbili, mtoto wa mbwa hujifunza ni nani wa kumwamini duniani. Akishikwa kwa upole siku hizo, awazoea watu na kutulia maisha yake yote. Akitengwa na watu, au akijua fimbo tu, akua na hofu ambayo ni vigumu kuiondoa baadaye. Wazee wetu waliyajua hayo bila ya maabara walipotuambia, "Samaki mkunje angali mbichi." Basi yule mbwa mwenye kufunguliwa usiku akamrukia kila apitaye si shujaa. Ni mwoga aliyefundishwa kwamba kila mkono unaomjia unaleta pigo. Yeye hampambanui mwivi na mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto huyo.

Nawe usichanganye utulivu na unyonge. Yuko mbwa anyamazaye kwa kuwa amevunjwa moyo: mkia umefichwa katikati ya miguu, macho yanakwepa, mwili unajikunyata ukipita. Huyo hakutulia, anangoja siku yake. Mbwa mtulivu husimama kwa miguu minne, hutazama, husikiliza, na hubweka pakiwa na sababu. Anapobweka, mwenyewe hushika taa na kutoka, kwa sababu anajua ya kwamba neno lipo. Mbwa abwekaye usiku kucha kwa kila jani linaloanguka, ni nani atakayeamka kwa ajili yake?

Kwetu Taita Taveta jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwingine. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu limo katika hifadhi za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka 1948, na ndovu hawasomi mipaka ya ramani. Waulize wakulima wa chini ya Sagalla na wa kando ya Kasigau. Mbwa mwenye papara humkimbilia ndovu gizani akimbwekea. Ndovu akigeuka kwa hasira, mbwa hurudi mbio, naye hurudi wapi? Kwa bwana wake! Hivyo mlinzi mkali amemletea mwenyewe mauti mpaka mlangoni. Mbwa aliyefundishwa kukaa karibu na kutii sauti husimamisha masikio, akanguruma chini chini, na mtu akapata dakika za kuwaingiza watoto ndani. Na katika Tsavo hiyo hiyo wako mbwa wanaofanya kazi pamoja na askari wa wanyamapori, wakinusa pembe zilizofichwa na kufuata nyayo za majangili. Mbwa hao hawakupatikana kwa kupigwa mateke. Kila mmoja ana mtu wake anayemlisha, anayemsugua na kucheza naye, na kwa kumpenda mtu huyo hufuata harufu katika jua la nyika mpaka mwisho wa njia. Uaminifu haununuliwi kwa mnyororo.

Wa tatu husema, "Hiyo ni anasa ya matajiri. Sisi twahangaika na sima ya watoto, utatuambiaje habari za kumpenda mbwa?" Ndugu yangu, hebu hesabu gharama ya ninayokuomba. Maji ya chungu kimoja. Kivuli cha mwarobaini au cha paa la mabati. Sima iliyobaki na mchuzi wa dagaa. Mnyororo mrefu badala ya mfupi, na saa za kufunguliwa. Neno la upole unapopita. Lipi hapo ni la tajiri? Rafiki wa kale wa mbwa ni mchungaji na mlinzi wa usiku anayekesha mbele ya duka la mtu mwingine. Hao wanajua thamani ya joto la mwili mwingine saa nane za usiku. Tena nakuambia waziwazi: ukiwa huna cha kumpa, usifuge. Nyumba yenye mbwa watano wenye njaa haina mlinzi hata mmoja. Ina wezi watano wa vyungu vya jirani. Mbwa mmoja aliyeshiba na kujulikana kwa jina lake anashinda kundi zima la mbwa wasio na jina.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito, nami namheshimu. Husema, "Mbwa huua. Kichaa chake hakina dawa." Ni kweli. Ugonjwa huu huingia kwa mate ya mnyama mwenye kichaa, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hapana anayepona. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na katika kila watu 100 walioupata, 99 wameambukizwa na mbwa. Arobaini katika kila mia wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto walio chini ya miaka 15, yaani wa umri wako wewe usomaye na wa wadogo zako.

Lakini tazama, hoja hii ikikamilishwa humgeukia aliyeileta. Kichaa hakizaliwi na mapenzi ya mbwa. Huenezwa na mbwa asiyetunzwa. Tangu mwezi wa Julai mwaka 1885, Louis Pasteur alipomdunga mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi, dunia inayo kinga ya ugonjwa huu. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Ni nani atakayetimiza mpango huo? Daktari wa mifugo aweza kuleta sindano, lakini hawezi kumkamata mbwa asiyewahi kuguswa na mkono wa mtu. Mbwa mtulivu hushikwa na mtoto wa mwenyewe, akachanjwa, akaenda zake. Mbwa wa "ni mbwa tu" hukimbilia vichakani, na huko hukutana na mbweha mgonjwa. Hapo ndipo neno hilo linapomrudia msemaji wake, tena kupitia kwa mwanawe.

Wala hasara haiishii kwetu. Mwaka 1994, katika nchi jirani ya Tanzania, distempa ilitoka kwa mbwa wa kufugwa ikaingia Serengeti, ikaua kiasi cha theluthi moja ya simba wote wa huko. Nasi wa Voi twaishi ukingoni mwa Tsavo, na watu wengi wetu hupata riziki kwa wageni wanaokuja kuwatazama simba hao. Mbwa wetu akitupwa, simba pia yu hatarini, na riziki ya watu pamoja naye.

Kwa kuwa hili ni jambo la uhai, shika haya, nayo yafundishe nyumbani. Mpeleke mbwa wako kuchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Usimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wako. Usingoje dalili, maana dalili ndizo kengele ya mazishi.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni langu kama mwalimu. Sheria za Kenya, katika Sura ya 360, zaharamisha kumtesa mnyama, kumpiga kikatili na kumnyima chakula na maji. Lakini polisi hawezi kusimama katika kila ua. Anayesimama hapo kila siku ni mtoto, akitazama. Twamfundisha darasani huruma, haki na adabu, naye hujibu maswali vizuri akapata alama. Kisha arudi nyumbani, amkute mbwa amefungwa, amrushie jiwe, na wakubwa wacheke. Somo gani litakalobaki? Amejifunza ya kwamba aliyefungwa hupigwa, kwa kuwa hawezi kujibu. Kesho mtoto huyo atakuwa baba mwenye mke, msimamizi mwenye vibarua katika shamba la mkonge, au karani mwenye masikini mbele ya meza yake. Mkono umekwisha kuzoea. Kinyume chake, mtoto aliyepewa mbwa amtunze, akajua saa yake ya maji na akajifunza kushusha sauti ili mnyama asiogope, amekwisha kujitawala kabla ya kutawala mtu yeyote. Utulivu wa mbwa ni kioo cha nyumba. Ukitaka kujua jinsi watu wanavyosemezana ndani, tazama jinsi mbwa wao anavyokupokea mlangoni.

Nimemaliza kushtaki. Hukumu ni yako, wala haiandikwi kwa wino. Jioni hii utapita penye ua wako, au wa jirani yako, na yuko mmoja pale atakayeinua kichwa akusikiapo. Chungulia chungu chake. Kama ni kikavu, kijaze.